Nilikwenda Bern Kutafuta Kengele

Muuza nyama wa Nyarero alisema sitavuka mpaka wa Sirari. Alisema hivyo huku akikata mbavu, mbele ya wateja wake, bila hata kuinua macho.

"Mura, watu wa ubalozi wanaangalia mikono. Wakiona hiyo mikono ya kukamulia, wanakurudisha kwa ng'ombe wako."

Wateja walicheka. Mmoja akaongeza kwamba hata nikivuka, baridi ya huko itanimaliza kabla sijatoka nje ya kiwanja cha ndege. Mwingine, ambaye tulisoma darasa moja, akawakumbusha wote kwamba kidato cha nne mimi nilikirudia.

Ni kweli nilikirudia. Na nilipokirudia nikafaulu, nikaenda chuo cha mifugo, nikatoka na stashahada. Leo cheti changu kimetundikwa ukutani kwenye kituo changu cha kukusanyia maziwa, mahali ambapo kila anayeleta ndoo lazima akione. Sikusomeshwa na mjomba wa mjini. Nilijisomesha kwa baiskeli na madumu, asubuhi maziwa, mchana darasa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani.

Safari yenyewe haikuniangukia kutoka mbinguni. Kikundi chetu cha wafugaji kilituma maombi ya mafunzo, na barua niliiandika mimi, kwa Kiingereza, bila kusaidiwa. Shirika moja la Uswisi likajibu kwamba mtu mmoja aje ajifunze utunzaji wa maziwa na utengenezaji wa jibini huko milimani, kisha amalizie kwa mapumziko mafupi Bern, mji mkuu wao. Watu wengi, hata wasomi, wanadhani mji mkuu wa Uswisi ni Zurich au Geneva. Siwalaumu. Hawajafika.

Tiketi ya ndege walilipa wao. Pasipoti, viza, na safari za kwenda Dar es Salaam na kurudi zilikuwa juu yangu, na mavazi pia. Hapo ndipo nilipolazimika kukopa na kuazima.

Sanduku lilitoka kwa mwalimu wa hisabati wa shule ya kata, mtu wa Lindi, ambaye alinikabidhi kama anayekabidhi mtoto. Koti lilitoka kwa nesi wa zahanati, mwenyeji wa Makete, ambako baridi wanaijua. "Hili koti ndilo lililonikuza," aliniambia, "ukilipoteza usirudi." Viatu vyeusi vya ngozi nilivipata, msishangae, kwa yule yule muuza nyama, kwa sababu miguu yetu inalingana. "Chukua tu, mura. Utanirudishia wiki ijayo wakishakurudisha."

Na kwa baba mdogo nilikopa maksai.

Baba mdogo anaishi Itiryo. Ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, kwa hiyo namwita Tata, kama ambavyo ningemwita baba. Macho yake yalianza kufifia nikiwa bado chuoni, na sasa anaona mwanga na vivuli tu. Lakini kila jioni alikuwa akikaa mlangoni kwenye kigoda chake, uso umeelekea kijitoni, na ng'ombe wakiwa bado nyuma ya mikaratusi, kabla mtu mwenye macho mazima hajaona hata ncha ya pembe, yeye alikuwa akisema: "Fungueni zizi." Vijana wakaondoa magogo ya lango, na kweli ng'ombe wakatokea.

Alikuwa anasikiliza kengele ya maksai wa mbele. Ilikuwa kengele ya chuma cha kufua, kazi ya mhunzi wa zamani, yenye sauti nzito inayokwaruza kidogo. Ko, ko, ko. Kwa kengele ile baba mdogo alijua ng'ombe wamefika wapi, wanatembea au wanakimbia, wameshiba au wanatafunatafuna njiani. Na kwa maneno yale mawili alikuwa bado ndiye mwenye mji.

Nilipomweleza shida yangu hakuuliza maswali mengi. Alimpeleka maksai yule wa mbele mnadani. Mnunuzi hakumtaka bila kengele, kwa sababu ng'ombe wa mbele ukimvua kengele unakuwa umenunua nyama tu, si kiongozi. Baba mdogo akakubali. Nilikuwa nimesimama pale pale.

"Nenda," aliniambia tulipokuwa tunarudi, mkono wake begani kwangu. "Ila maksai wangu atarudi akiongea. Unanisikia?"

"Nakusikia, Tata."

Jioni niliyokwenda kumuaga, ng'ombe walivuka kijito kimya kimya. Waliingia zizini, vumbi likamfikia usoni, ndipo akageuza kichwa na kumuuliza mama mdogo: "Wameshafika?"

"Wameshafika," mama mdogo akajibu, kwa sauti ya chini.

Swali lile dogo ndilo nililopanda nalo ndege.

Kule milimani nilifanya vizuri. Sitaeleza yote, maana msomaji atadhani najisifu, lakini mtengeneza jibini mwenyewe alisema mikono yangu inakamua kwa utulivu kuliko mashine zake. Mikono ile ile iliyochekwa buchani Nyarero! Koti la nesi lilinisaidia alfajiri, wakati nyasi zina umande wa barafu. Na kitu kilichonisimamisha siku ya kwanza kilikuwa sauti. Ng'ombe wao nao wanavaa kengele. Mlima mzima ulikuwa unaongea. Nilisimama na ndoo mkononi nikamkumbuka mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda Itiryo.

Mafunzo yalipokwisha tukateremshwa Bern. Nilikuwa na dada mmoja kutoka Moshi, mwenzangu wa mafunzo, bibi mifugo mwenye maneno mengi na moyo mwepesi, ambaye alikuja na masanduku mawili matupu ili arudi nayo yamejaa. Tuliutembea mji ule kwa miguu. Mto wao umeukumbatia mji kama mkono uliobeba mtoto, maji yake ya kijani, na maduka yao yamejipanga chini ya mabaraza ya mawe, mtaa hadi mtaa, kiasi kwamba mvua ikinyesha mtu anaendelea kununua bila kulowa. Kila baada ya hatua chache kuna chemchemi yenye sanamu juu, na maji yake yananywewa. Nilikunywa kwa viganja, watu wakanitazama, na mimi nikawatazama.

Tulisimama chini ya mnara wao wa saa pamoja na wageni wa dunia nzima, simu juu, tukingoja. Saa ilipokaribia kugonga, jogoo wa bandia akawika, vidubu vidogo vikazunguka. Basi.

"Ndiyo hivyo tu?" dada akaniuliza.

"Ndiyo hivyo tu. Lakini anawika kwa wakati. Jogoo wako wa Moshi anaweza?"

Tukaenda kuwaona dubu wa kweli, walioko kwenye bustani kando ya mto. Watu walikuwa wanashangilia. Mimi nimekulia mahali ambapo tembo kutoka Serengeti huingia shamba la mahindi bila kulipa kiingilio, kwa hiyo sikupiga kelele. Lakini dubu mmoja mzee alijikuna mgongo kwenye shina la mti, macho amefumba, kwa raha kabisa, nikampenda. Na chini kwenye mto watu wazima walikuwa wanaelea, nguo zao za kazi wamezifunga kwenye mifuko isiyoingia maji, wanarudi nyumbani kutoka ofisini. Mzee mmoja mwenye mvi alipita akielea chali kama gogo.

"Shikamoo, babu!" dada akapaza sauti.

Mzee akainua mkono kutoka majini, akacheka, mto ukaendelea kumpeleka. Mpaka leo dada yule akinipigia simu huanza na hiyo: "Babu yetu wa mtoni hajambo?"

Kwenye maduka ndipo tulipotofautiana. Yeye alitaka chokoleti, vitambaa, saa ya ukutani. Alijaribu kupunguziwa bei kila alipoingia. "Mama, tumetoka mbali, punguza kidogo." Muuzaji alikuwa anatabasamu na kuonyesha kidole kwenye bei iliyobandikwa. Mimi nilinunua vitu vya kurudisha pamoja na nilivyoazima, kwa sababu kwetu ukiazima sufuria kwa jirani huirudishi tupu, unatia hata kiganja cha unga. Kwa mwalimu nilinunua bikari ya chuma yenye sanduku lake. Kwa nesi, skafu ya sufu. Kwa muuza nyama nilinunua kisu kizuri cha kazi, nikijua kila akikata nacho atanikumbuka. Mwenyewe nikajinunulia viatu, vya kahawia, vya ngozi, ambavyo navisifia bila aibu.

Baadaye nikaanza kuingia kwenye maduka ya kengele.

"Kaka," dada alisema, "umevuka bahari kuja kununua kengele ya ng'ombe? Ninyi Wakurya mna matatizo."

"Beba chokoleti zako."

Kengele za madukani zilikuwa nyingi, zimechorwa maua na bendera. Nilizitikisa moja baada ya nyingine. Ndogo zililia ting ting, kama za baiskeli. Kubwa za shaba ya kumimina ziliimba vizuri mno, kama kanisani siku ya Krismasi. Baba mdogo angedhani ni misa. Muuzaji mmoja aliniambia hizo ni za kutundika ukutani, nikamuuliza ukutani zinaita nani.

Jioni, kwenye mtaa wa chini karibu na daraja, tukakuta duka la vyuma vya zamani. Mwenye duka alikuwa mama mzee mwenye aproni. Nilimweleza kwa Kiingereza changu, ambacho si cha kuazima, kwamba nataka kengele iliyovaliwa na ng'ombe, ya chuma cha kufua, yenye sauti ya kukwaruza. Aliniangalia kwa muda, akaingia nyuma, akarudi na kengele nyeusi yenye mkanda wa ngozi uliolainika kwa shingo ya ng'ombe. Hata nywele chache za ng'ombe zilikuwa bado zimenasa kwenye kifungo.

Nikaitikisa. Mle ndani kila kitu kilikuwa na sauti kubwa, kuta za mawe zinairudisha.

"Haifai kuipima hapa," nikamwambia. "Mtu atakayeisikiliza anakuwa mbali. Naomba utoke nayo."

"Nitoke nayo niende wapi?"

"Uende kule. Utembee kama ng'ombe aliyeshiba."

Dada wa Moshi akashika kichwa. "Kaka, tutakamatwa."

Lakini mama yule alivua aproni, akaivaa kengele mkononi kama kikapu, akaanza kutembea. Mimi nilisimama kwenye chemchemi, nikampa mgongo, nikafumba macho. Ko. Ko. Ko. Watu walisimama. Nilisikia simu zikipiga picha.

"Mbali zaidi, mama!" nikaita.

"Amefika kwenye kona," dada akaniambia.

"Apinde kona."

"Amepinda. Kaka, simwoni tena."

Na mimi nilikuwa bado namsikia. Sauti ilikuwa imeacha kelele zake, imebaki kiini chake tu, nzito, na ukwaruzo mdogo mwishoni. Haikuwa ile ya mhunzi wetu. Ilikuwa ndugu yake. Nilibaki nimefumba macho muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Mama yule aliporudi alikuwa anahema na kucheka, mashavu mekundu. Akaniambia baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe, na kwamba hajatembea hivyo tangu akiwa msichana. Dada akaona nafasi: "Sasa hapo mama, huwezi kukosa kupunguza." Na akapunguza! Katika mji mzima wa Bern, ni pale tu tulipopunguziwa.

Nilijaza soksi ndani ya kengele ili isilie njiani. Sikutaka mtu yeyote aisikie kabla ya mwenyewe. Ilivuka viwanja vyote vya ndege kimya, tukashuka Nairobi, nikapanda basi. Mpakani kijana wa Kikenya aliyekuwa anakagua mizigo akaitoa, akachomoa soksi.

"Sasa hii ni nini, buda?"

"Kengele ya ng'ombe."

"Umetoka nayo wapi?"

"Uswisi."

Akaiangalia, akaniangalia, akamwita mwenzake. "Hebu kuja uone. Huyu jamaa ameenda majuu akaleta kengele ya ng'ombe." Akataka kuitikisa. Nikamshika mkono na kumwambia kwamba kuna mzee anaisubiri. Sijui nilimtazama vipi, lakini aliirudishia soksi mwenyewe, akafunga sanduku. "Basi msalimie mzee."

Buchani Nyarero niliingia na viatu vyangu vya kahawia miguuni, vyake vyeusi vimeng'arishwa mkononi, na kisu ndani ya kiatu cha kulia. Muuza nyama alikijaribu kwenye paja la ng'ombe, kikapita kama kwenye siagi. Akanikatia kilo ya nyama akaifunga. Kwa mtu yule hayo ni makofi na vigelegele. Mwalimu alipata sanduku na bikari, nesi akapata koti na skafu, pamoja na picha yangu nimelivaa koti mlimani. Alibaki mmoja.

Maksai nilimchagua mnadani mwenyewe, kwa elimu yangu: kifua kipana, kwato imara, meno mazuri. Wachuuzi wenye miaka mingi kazini waliniuliza nimemwonaje. Nilimfikisha Itiryo mchana. Baba mdogo alimpapasa kuanzia pembe hadi mkia, kisha akaishika kengele, akapitisha vidole pembeni mwake polepole. Hakuitikisa. "Mfungieni," alisema.

Jioni ile nilikaa chini karibu na kigoda. Ng'ombe wakatokea kwenye mikaratusi kimya, wakavuka kijito kimya, wakaanza kuingia zizini. Ndipo tukasikia ko, ko, ko, mbali nyuma. Maksai wangu alikuwa wa mwisho.

"Wameshafika?" baba mdogo akauliza.

Mama mdogo akanitazama. "Wameshafika."

"Maksai wako ana kengele ya mbele na miguu ya nyuma," baba mdogo akaniambia. Hakuwa na hasira. "Anaongea, ndiyo. Lakini anaongea wenzake wakishalala."

Habari ilifika buchani kabla yangu. "Mura," muuza nyama alisema, "nasikia kengele ya Ulaya inakuja nyuma kama mkia!" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, lakini nilikwenda nyumbani nikawaza.

Nikamkumbuka mchungaji mmoja kule milimani. Kila jioni alisimama kwenye lango na chumvi kiganjani, na ng'ombe aliyetangulia ndiye aliyelamba. Nilikuwa nimeiandika ile kama jambo dogo. Kuanzia siku iliyofuata, kazi ikiisha kituoni, nilipanda pikipiki hadi Itiryo, nikasimama langoni na chumvi, na maksai yule peke yake ndiye aliyelamba mkononi mwangu. Watoto walinicheka. Mama mdogo aliniuliza kama chuoni walinifundisha kulisha ng'ombe kama mbuzi wa kufugwa ndani. Taratibu maksai alianza kutoka nyuma. Akawa wa katikati. Akawa anagombana na majike njiani.

Halafu ikaja jioni moja ambayo mvua ilikuwa imenyesha mchana na hewa imetulia. Nilikuwa nimechelewa, nimekaa barazani na baba mdogo, namsimulia tena habari za mzee wa mtoni, maana alizipenda. Alinigusa goti ninyamaze.

Mimi nina masikio mazima na stashahada, na sikusikia kitu.

Akainamisha kichwa kidogo. Midomo yake ikawa inatembea pamoja na kitu nisichokisikia. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Huyu anaongea Kizungu," alisema.

"Tata?"

"Lakini njia anaijua. Amevuka jiwe kubwa. Wenzake wako nyuma yake." Akanyoosha mgongo juu ya kigoda, uso umeelekea kijitoni, na kwa sauti ile ya zamani, sauti ya mwenye mji, akasema:

"Fungueni zizi."

Vijana hawakuwapo. Mama mdogo alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akasimama katikati ya ua akitazama mikaratusi ambako hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Nikaenda mimi. Nikaondoa magogo ya lango moja baada ya jingine, na viatu vyangu vya Bern vikazama kwenye samadi mpaka juu ya kamba, ndipo na mimi nikaanza kusikia.

"Deni limekwisha, mura," baba mdogo aliniitia kutoka mlangoni. "Sasa toka hapo njiani, anakuja na haraka."